Kinga ya mgongo wazi huanza kabla ya kliniki

Mtoto anayezaliwa na uvimbe mwororo kwenye uti wa mgongo, au na kidonda kilicho wazi mahali ambapo ngozi ingekuwa imeufunika uti huo, hakupata shida hiyo siku ya kuzaliwa. Hakuipata mwezi wa tano wa mimba mama alipoteleza akiteka maji, wala mwezi wa saba alipogombana na jirani. Aliipata ndani ya siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mara nyingi mama mwenyewe alikuwa bado hajajua kwamba ni mjamzito.

Mkaazi wa Kalobeyei, Kakuma, Lodwar au kijiji chochote cha Turkana akilielewa jambo hilo moja, mengine kuhusu ugonjwa huu yatakuwa rahisi kueleweka: kwa nini kidonge cha kliniki ya wajawazito huwa kimechelewa, kwa nini aina ya unga unaopikwa nyumbani ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na kwa nini mfadhili anayelipia upasuaji wa mtoto, ijapokuwa anaokoa maisha, amelishika jambo hili katikati tu, si mwanzoni wala mwishoni.

Katika wiki ya tatu na ya nne tangu kutungwa, kiinitete hakizidi punje ya mtama. Mgongoni mwake kuna utepe wa seli unaojikunja hadi kingo zake mbili zikutane na kushikana, kama fundi anavyokunja ngozi ya mbuzi na kuishona iwe mfuko mrefu. Mfuko huo, ambao madaktari huuita mrija wa neva, ndio baadaye huwa ubongo upande wa juu na uti wa mgongo upande wa chini. Kingo zisiposhikana upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, ugonjwa unaojulikana hospitalini kama spina bifida. Zisiposhikana upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki, na mtoto huyo hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Wengine huzaliwa na uvimbe kisogoni. Inakadiriwa kwamba duniani kote watoto wapatao 300,000 hupatwa na kasoro hizi kila mwaka.

Kwa kuwa ugonjwa huu huonekana ghafla na haujifichi, maelezo yake mitaani huwa mengi. Kalobeyei, ambako wakaazi wenyeji wanaishi pamoja na familia kutoka Sudan Kusini, Ethiopia, Burundi, Kongo, Somalia na kwingineko, kila jamii imekuja na maelezo yake: laana ya ukoo, mwiko uliovunjwa, jicho baya, au chakula fulani mama alichokula. Mara nyingi lawama huangukia upande wa mama, na ziko ndoa zinazovunjika kwa sababu hiyo. Sayansi haikubaliani na lolote kati ya hayo. Kasoro hii hutokana na mambo kadhaa yanayokutana, yakiwemo ya kurithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, kisukari kisichodhibitiwa, homa kali mwanzoni mwa mimba, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti. Sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya nayo inashukiwa. Lakini jambo ambalo ushahidi wake ni mkubwa kuliko yote, na ambalo familia inaweza kulibadilisha, ni upungufu wa vitamini moja: foleti, ambayo ikitengenezwa kiwandani huitwa asidi ya foliki.

Hata hivyo, mama aliyemeza kila kidonge na kula vizuri bado anaweza kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Kinga hii hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, haiiondoi kabisa. Ndiyo maana hakuna mama anayestahili kuulizwa alikosea wapi.

Vitamini yenyewe na hesabu ya siku

Ujuzi huu ulichukua miongo mingi kupatikana. Katika miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Mwingereza Lucy Wills alikuwa Bombay, India, akichunguza kwa nini wanawake wajawazito maskini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu vibaya. Aligundua kwamba mchuzi wa hamira uliwaponya. Kilichokuwa ndani ya hamira hiyo kilikuja kujulikana kuwa foleti. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya utafiti mkubwa uliofanywa katika vituo 33 vya nchi saba, ukaongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 1991, kuthibitisha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hii wakinywa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba tena, hatari ya kurudia hupungua kwa asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine dawa.

Neno la kushikilia hapo ni kabla. Nchini Kenya, mwanamke mjamzito anayekwenda kituo cha afya cha umma hupewa kidonge chenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, akimeze kila siku hadi kujifungua. Kidonge hicho ni muhimu na kisiachwe. Kinazuia upungufu wa damu unaoua akina mama wakati wa kujifungua. Lakini kwa mgongo wazi, hesabu yake haitimii. Mwanamke hugundua kwamba hedhi imekosekana wakati mimba ina wiki mbili tangu kutungwa. Akingoja wiki mbili nyingine ahakikishe, mrija wa neva umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Wengi huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza mwezi wa nne au wa tano, wengine baadaye zaidi, hasa familia zinazohama na mifugo. Hapo kidonge kinamsaidia mama na damu yake. Mgongo wa mtoto ulishaamuliwa miezi mitatu iliyopita.

Kwa hiyo mhudumu wa kwanza katika kinga hii si yule wa kliniki ya wajawazito. Ni yule wa uzazi wa mpango. Mwanamke anayekwenda kutolewa kipandikizi mkononi, au anayeacha sindano ya miezi mitatu kwa sababu anataka mtoto, amefika kituoni siku ile hasa inayofaa kuanza asidi ya foliki. Aiombe, hata kama hakuna aliyemtajia. Kiwango cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Wanaopanga harusi nao wangefanya vizuri kuiweka katika orodha ya maandalizi, pamoja na mahari na hema.

Mwanamke ambaye tayari amezaa mtoto mwenye kasoro hii, au mimba yake iliharibika kwa sababu hiyo, yuko katika kundi tofauti. Hatari yake ya kupata mwingine ni kubwa mara kadhaa kuliko ya wanawake wengine, naye anahitaji kiwango kinachozidi kile cha kawaida mara kumi au zaidi: miligramu 4 au 5 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari au afisa wa kliniki, kuanzia kabla ya mimba. Hapa ndipo huduma huvuja sana. Familia ikirudi kutoka hospitali kubwa na mtoto aliyeshonwa mgongo, macho yote huwa kwa mtoto, na mama huja kushika mimba nyingine bila mtu yeyote kumwambia kuhusu kidonge cha miligramu 5. Ikiwa kuna familia kama hiyo kijijini, mhamasishaji wa afya ya jamii anaifahamu. Ziara moja ya nyumbani inatosha kulisema jambo hilo, na baba awepo akisikia.

Mwanamke anayetumia dawa za kifafa asiziache kwa hofu baada ya kusoma habari hizi. Degedege nalo ni hatari kwake na kwa mimba. Amwone daktari kabla ya kushika mimba ili dawa ibadilishwe ikiwezekana.

Unga wa pakiti na mashine ya kusaga

Tatizo la vidonge ni kwamba mimba nyingi hazipangwi, na hakuna anayeanza kumeza dawa ya jambo ambalo hajui kama litatokea. Ndiyo sababu nchi nyingi ziliamua kuiweka asidi ya foliki ndani ya chakula chenyewe. Marekani ililazimisha hivyo kwa unga wa ngano kuanzia 1998. Afrika Kusini ilifuata mwaka wa 2003 kwa unga wa ngano na wa mahindi, na watoto wanaozaliwa na kasoro hizi wakapungua kwa takriban asilimia 30. Kenya iliingia katika orodha hiyo mwaka wa 2012, ilipoweka kanuni kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa viwandani lazima uongezwe virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Mwezi wa Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kufanya hivyo, na mgongo wazi ukatajwa ndani yake kwa jina.

Mwanamke anayekula ugali wa unga huo kila siku tayari ana kinga fulani mwilini siku anayoshika mimba, bila kujua na bila kukumbuka. Pakiti ya unga uliorutubishwa ina maandishi yanayosema hivyo, pamoja na nembo ya Kuboresha Afya. Mnunuzi aitafute.

Lakini ni wangapi Turkana wanakula unga wa pakiti kila siku? Kanuni hiyo haiyafikii mahindi yanayosagwa kwa mashine ndogo ya mtaani, wala mtama unaosagwa nyumbani, wala nafaka ya msaada inayotolewa ikiwa punje. Kalobeyei ilipoanza kupokea watu mwaka wa 2016, utaratibu wa Bamba Chakula uliwawezesha wakaazi kupokea thamani ya chakula kwa simu na kujinunulia dukani walichotaka, jambo lililompa mama nafasi ya kuchagua pakiti yenye nembo. Tangu wakati huo mgao umepunguzwa mara kadhaa, na mwenye pesa kidogo hununua kinachojaza sufuria, si chenye nembo. Hilo si kosa lake.

Hapa ndipo msaada wa hisani ungezaa matunda mengi, na ndipo unapoonekana mara chache zaidi. Nchini Tanzania, shirika la Sanku limekuwa likiwawekea wasagaji wadogo kifaa kinachopima na kudondosha virutubishi ndani ya unga wakati mashine inasaga, kwa mpango ambao haumpandishii mteja bei. Mashine za Kakuma, Kalobeyei na Lodwar husaga nafaka kwa namna ileile, na hakuna sababu ya kiufundi ya kifaa kama hicho kushindwa kufanya kazi huku. Ni kweli kwamba kiberiti kimoja cha unga wa virutubishi hakipigwi picha kama mtoto aliyefungwa bendeji akitabasamu mikononi mwa mama yake. Mtoto ambaye hakuugua hana picha. Mfadhili mwenye busara atalielewa hilo akielezwa.

Kwa upande wa vyakula vya asili, maharagwe, ndengu, kunde na majani yake, terere, sukuma wiki na bamia vina foleti nyingi. Bustani ndogo za jikoni ambazo familia kadhaa za Kalobeyei hulima kwa maji yaliyotumika zina faida hii pia. Mboga zisichemshwe kwa muda mrefu na maji yake yakamwagwa, kwa sababu foleti hupotea na moto na maji. Wafugaji wajue kwamba maziwa na nyama ya kawaida, pamoja na ubora wake mwingine, ni maskini kwa vitamini hii. Maini yanayo kwa wingi, ila mjamzito asiyale kila siku kwa sababu vitamini A yake ikizidi nayo humdhuru mtoto. Na mahindi yenye ukungu yatupwe. Kuyaosha hakuondoi sumu.

Saa 48 za kwanza

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, iwe kituoni Natukubenyo, hospitali ya Ammusait, zahanati ya mbali au nyumbani kwa mkunga, kinachofanywa saa chache za kwanza kina uzito mkubwa. Uvimbe usipasuliwe wala kukamuliwa. Usipakwe dawa ya mitishamba, majivu, samli wala spiriti. Ufunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi, juu yake iwekwe karatasi safi ya plastiki ili isikauke, na mtoto alazwe kifudifudi au kwa ubavu, akiwa na joto na akinyonya kama kawaida. Kisha asafirishwe. Lengo ni mgongo ufungwe na daktari wa upasuaji ndani ya saa 48 hadi 72, kabla wadudu wa maradhi hawajapanda kwenye uti na kufika kwenye ubongo.

Upasuaji huo haurudishi neva zilizoharibika. Miguu ambayo haikuwa na nguvu kabla huenda isipate nguvu baadaye. Familia ielezwe hivyo mapema, kwa upole na bila kuzungushwa, kwa sababu mzazi aliyeahidiwa kwamba mtoto atatembea baada ya kushonwa huona amedanganywa, na huacha kurudi kliniki.

Wengi wa watoto hawa hupata pia maji kichwani. Maji yanayozunguka ubongo wa kila mtu hukosa njia ya kutokea, kichwa kikapanuka, na ubongo ukabanwa. Kichwa cha mtoto mchanga aliyetimiza miezi huwa na mzingo wa takriban sentimita 35. Kwa kawaida huongezeka sentimita mbili kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha moja kwa mwezi, kisha nusu. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Kinachosema ni vipimo vitatu au vinne vilivyoandikwa pamoja na tarehe zake katika kijitabu cha mama na mtoto. Utosi ukivimba na kukaza, mishipa ya kichwani ikijitokeza, macho yakielekea chini kama jua linalotua, mtoto akitapika na kulala kupita kiasi, safari ya hospitali isingoje siku ya soko.

Si kila mtoto mwenye kichwa kikubwa alizaliwa na mgongo wazi. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, si mbali sana na mpaka wetu wa magharibi, madaktari waligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliowaona waliugua baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Kinga ya hao haimo kwenye foliki. Imo katika kujifungua mahali safi, kitovu kutopakwa udongo au kinyesi cha mifugo, na mtoto mchanga mwenye homa au anayekataa kunyonya kupelekwa kituoni siku hiyohiyo.

Wanaotibu, na jinsi misaada ilivyofika

Turkana haiwezi kuyamaliza matibabu haya peke yake. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar humpokea mtoto, humtuliza na kumwandikia rufaa. Upasuaji wa ubongo na uti kwa kawaida hufanyika katika hospitali kubwa kama ya Moi ya Mafunzo na Rufaa mjini Eldoret, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lodwar, au hospitali ya AIC Kijabe.

Sifa ya Kijabe katika ugonjwa huu ilijengwa kwa hisani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Mmarekani wa upasuaji Richard Bransford, aliyekuwa akihudumu hapo, alianzisha kazi iliyokuja kuwa shirika la BethanyKids, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu ambao familia zao hazikuwa na pesa za upasuaji. Maelfu ya watoto wenye mgongo wazi na maji kichwani wamepitia huko, na madaktari wa Kiafrika wa upasuaji wa watoto wamefunzwa hapo, jambo ambalo pengine litadumu kuliko upasuaji wenyewe.

Mbale nako, hospitali ya watoto ya shirika la CURE iliubadilisha ujuzi wa dunia nzima. Tiba ya kawaida ya maji kichwani ni mpira mwembamba, shanti, unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Shanti huokoa maisha, lakini huweza kuziba au kuingiwa na wadudu wakati wowote, na mtoto aliyezibiwa ana saa au siku chache tu. Daktari Benjamin Warf, aliyehamia Uganda mwaka wa 2000, aliliona hilo kwa macho: familia ilikuwa ikirudi kijijini siku nzima ya safari kutoka hospitalini, na shanti ikiziba usiku hakuna pa kukimbilia. Akaendeleza njia ya kuingiza kamera ndogo ndani ya ubongo, kutoboa njia mpya ya maji na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asihitaji mpira wowote. Kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja, njia hiyo ilifaulu kwa takriban theluthi mbili. Utafiti uliofanywa hapohapo Mbale na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba kwa watoto 100 waliougua baada ya maambukizi, maendeleo ya akili baada ya mwaka mmoja hayakutofautiana kati ya waliotiwa shanti na waliofanyiwa njia mpya. Kwa mzazi wa Kalobeyei habari hiyo ina maana moja: amuulize daktari kama mtoto wake anafaa kwa njia isiyo na mpira, na akiambiwa lazima shanti, asiondoke wodini kabla ya kuambiwa dalili za kuziba kwake.

Wale wanaofikiri shanti nzuri ni ya bei kubwa wajue kwamba hapohapo Mbale shanti ya bei nafuu kutoka India ililinganishwa na ya ghali ya kutoka ng'ambo, na tofauti ya matokeo haikuonekana.

Baada ya kushonwa

Harambee ya upasuaji hufanyika. Kanisa huchanga, msikiti huchanga, kundi la WhatsApp la wanakijiji walio Nairobi huchanga, na mtoto hufika Eldoret au Kijabe. Harambee ya katheta haijulikani sana.

Na bado figo ndizo huwaua wengi wa watoto hawa baadaye. Neva zilizoharibika mgongoni ndizo huendesha kibofu. Mkojo hubaki ndani, hurudi juu, huambukiza na kuharibu figo polepole, bila maumivu, kwa miaka. Tiba yake ni rahisi: mzazi hufundishwa kuingiza katheta nyembamba kila baada ya saa tatu au nne mchana, mkojo ukatoka, katheta ikatolewa, ikaoshwa kwa sabuni na maji, ikakaushwa na kuhifadhiwa katika chombo safi. Njia hii imetumika duniani tangu miaka ya 1970. Mtoto akifikisha miaka sita hadi minane wengi hujifunza kuifanya wenyewe. Lakini inahitaji katheta, sabuni na maji safi, mara tano au sita kila siku, mahali ambapo ndoo ya maji hupangiwa foleni. Anayetaka kumsaidia mtoto kama huyu aanze hapo. Glavu na katheta za mpira wa asili ziepukwe, kwa sababu wengi wao hupata mzio nazo.

Jambo la pili ni ngozi, na hapa Turkana lina ukali wake. Mtoto asiyehisi miguu na makalio hutambaa kwenye mchanga wa saa saba mchana bila kujua kwamba anaungua. Hukaa juu ya jiwe, au karibu na jiko, kidonda kikaanza na kufikia mfupa kabla ya mtu kuona. Kila jioni mzazi amkague miguu, magoti na makalio. Asitambae nje bila kitu cha kumkinga, na akipewa kiti cha magurudumu kiwe chenye tairi pana zinazopita mchangani. Vile vya tairi nyembamba vya sakafu ya hospitali huishia kutupwa nyuma ya nyumba. Shirika la APDK, lililoanza mwaka wa 1958, hutengeneza viti nchini na fundi wa hapa anaweza kuvirekebisha.

Wengi wa watoto hawa wana akili timamu ya kusoma. Kinachowatoa shuleni ni harufu ya mkojo na ukosefu wa choo wanachoweza kukifikia, na mwalimu mkuu anaweza kuyatatua yote mawili kwa chumba kidogo chenye mlango na ndoo ya maji.

Kuhusu gharama, familia ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya, na mtoto aongezwe kama mtegemezi mara anapopata hati ya kuzaliwa. Mtoto pia apelekwe kukaguliwa ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Familia za wakimbizi ziulize kituo chao cha afya kuhusu rufaa kabla ya kuuza chochote ili kupata nauli.

Kikundi, kanisa au chama kinachotaka kumfadhili mtoto wa jirani kiulize maswali manne kabla ya kuchanga: kliniki ijayo ni tarehe ngapi na nauli ya kwenda na kurudi ya mama na mtoto ni shilingi ngapi, katheta zimebaki ngapi, ni lini figo zilipimwa mara ya mwisho, na je, mama ameanza asidi ya foliki ya miligramu 5 kabla ya mimba inayofuata.